Mkasi wa Taifa na Wodi ya Mabambasi

Jina la nchi yetu sitalitaja. Siyo kwamba naogopa. Ni jina zuri mno, na majirani zetu wana kijicho. Itoshe kusema kwamba ni nchi iliyoendelea sana, na mwenye shaka juu ya hilo huitwa ofisini akaelimishwa kwa upole, na akitoka huwa hana shaka tena, wala hamu ya kuzungumza.

Kwetu hakuna matatizo. Zamani yalikuwepo, mengi tu, wazee wanayakumbuka kwa majina kama mtu anavyokumbuka ng'ombe wake. Lakini serikali ilikaa, ikaona ni aibu kwa nchi huru kuishi na matatizo, ikatoa waraka wa kuyafuta. Tangu siku hiyo tuna changamoto. Dawa zikikosekana, ni changamoto. Barabara ikiliwa na mvua, ni changamoto. Mheshimiwa akionekana na ghorofa ambalo mshahara wake hauwezi kulieleza, hiyo nayo ni changamoto, ila ni ya wanaouliza.

Mimi naitwa Ndalahwa. Kwa miaka mingi nilikuwa mtumishi katika Wizara ya Maendeleo na Matumaini, na cheo changu kilikuwa Mbeba Mto Mwandamizi. Usicheke. Mto wenyewe ulikuwa wa mahameli nyekundu, wenye vishada vya rangi ya dhahabu kwenye pembe zake, na juu yake kililala chombo ambacho bila hicho nchi nzima isingesogea hata hatua moja. Nazungumzia Mkasi wa Taifa.

Wageni huniuliza mkasi una uhusiano gani na maendeleo, nami huwaonea huruma. Kwetu, kitu cha umma kikishajengwa, lazima aje mgeni rasmi akikatie utepe. Mwanzoni ilikuwa desturi tu ya kufurahisha watu. Baadaye wanasheria wetu, watu wasomi kwelikweli, waliutazama msemo wa wahenga usemao "mgeni njoo, mwenyeji apone" wakagundua kwamba una nguvu ya kisheria. Maana yake, walisema, ni kwamba mgeni asipokuja, mwenyeji asipone. Bunge likapitisha. Kuanzia hapo, kitu chochote cha umma ambacho hakijakatiwa utepe kinahesabiwa kuwa hakipo. Unaweza kukiona, unaweza kukigusa, mbuzi wanaweza kujikuna kwenye ukuta wake, lakini kisheria hakipo, na anayekitumia anatumia kitu cha kubuni.

Kulikuwa na kipindi kila mkuu wa wilaya alikuwa na mkasi wake. Ikawa vurugu. Watu walianza kuzindua mambo ovyo ovyo, bila ngoma, bila turubai, wengine asubuhi na mapema kabla hata pilau haijaiva. Serikali ikakusanya mikasi yote na kubakiza mmoja. Huo ndio nilioubeba mimi. Ulikuwa na gari lake lenye kiyoyozi, na mimi nilikaa nao kiti cha nyuma, madirisha nikiyafunga ili vumbi lisiuguse.

*

Mkasi mmoja, nchi kubwa. Mtu mwenye hesabu za haraka ataona kilichofuata.

Lilikuwepo daraja moja la zege, zuri ajabu, lenye taa pande zote mbili, likisubiri mkasi. Utepe ulikuwa umefungwa mwanzoni na mwishoni, na mlinzi amewekwa aulinde. Watu walivuka mto chini yake, maji kiunoni, viatu mkononi, na waliniambia wenyewe kwamba daraja limewasaidia sana, maana siku hizi wanavuka kwenye kivuli. Ilikuwepo pia shule ambayo watoto walisoma nje, wameegemea ukuta wa darasa jipya, na mwalimu aliandika kwenye ukuta huohuo kwa mkaa. Alipoulizwa na mwandishi wa habari kama watoto hawaumii na jua, alijibu kwamba jua ni changamoto inayofanyiwa kazi.

Basi mbunge mmoja wa upinzani, mtu asiye na shukrani, akasimama kuuliza kwa nini nchi imejaa vitu vilivyokamilika ambavyo hakuna anayevitumia. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Pankrasi, aliinuka taratibu, akavuta koti, akanywa maji.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mwenzangu anauliza kwa nini tuna maendeleo ambayo hayajatumika. Nami namuuliza: yeye nyumbani kwake hana akiba? Ziko nchi zikimaliza kujenga kitu zinakitumia siku hiyohiyo, kama mlevi aliyepokea mshahara. Sisi tunatunza. Leo hii, Mheshimiwa Spika, taifa letu lina akiba ya maendeleo ya kututosha sisi, watoto wetu na wajukuu zetu, na yote bado ni mapya kabisa!"

Wabunge walipiga meza hadi glasi zikaanguka. Wataalamu walikuja kutoka ng'ambo, wakapima, wakakubali kwamba kwa maendeleo ambayo hayajaguswa hakuna nchi inayotukaribia.

Nisieleweke vibaya. Mimi sikuifanya kazi ile kwa unafiki. Niliamini. Mheshimiwa alikuwa na hotuba moja aliyoitoa kila alipokwenda, iliyoitwa "Sababu Kumi na Mbili za Kuwa na Matumaini," na nilikuwa naijua yote kwa moyo kama mtoto anavyojua sala. Watu wengi hudhani hotuba za wakubwa ni uongo. Ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno. Ndui imekwisha duniani, alisema, na hiyo ni kweli. Mama yangu alikuwa na alama zake usoni, na baada yake hakuna mtu nimemwona nazo. Surua ambayo iliwazika ndugu zangu kabla sijazaliwa, leo mtoto anachomwa sindano, analia kidogo, ananyonya, mambo yanaisha. Wasichana wanasoma. Njaa inatabiriwa kabla haijafika. Mara nyingi nilisimama pale na mto wangu machozi yakinilengalenga, nikijisemea kwamba binadamu kumbe si kiumbe wa hovyo, akiamua anaweza.

Mwishoni mwa hotuba kulikuwa na sehemu iliyoitwa "Changamoto Zilizo Mbele Yetu." Hiyo ilikuwa na sentensi moja: "Zipo, na tunazifanyia kazi."

*

Sasa nifike kwa dada yangu Nyamizi, maana hadithi hii ni yake kuliko yangu.

Nyamizi ni mdogo wangu, tumbo moja, ameolewa kijiji cha Mabambasi, mbali na kila kitu. Mimba yake ya kwanza ilipotimia walimpakia nyuma ya baiskeli kumwahisha hospitali ya wilaya. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya shamba la pamba la watu. Alilia mara moja, basi. Nyamizi hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, nami sijawahi kumuuliza, kwa sababu najua sauti yake itakavyokuwa.

Baada ya msiba ule wanawake wa Mabambasi waliacha kusubiri. Walifyatua tofali, wakazichoma, wakabeba mchanga kutoka korongoni kwa vichwa vyao. Nyamizi alibeba kuliko wote. Serikali iliposikia ilifurahi, ikaongeza bati, rangi, vitanda na makasha ya vifaa, ikaleta na nesi mmoja, mama mtu mzima anayeitwa Felista. Wodi ya wazazi ikasimama, nyeupe pee, yenye veranda na sakafu unayoweza kulia ugali. Siku rangi ilipokauka, afisa alikuja akafunga utepe mlangoni, akawapongeza, akawaambia sasa wasubiri mgeni rasmi.

Walisubiri hadi ndege wakajenga viota kwenye kenchi. Nesi Felista alihudumia wagonjwa kwenye benchi nje ya wodi. Mvua ikinyesha, wote walihamia chini ya upenu wa paa, migongo ikiwa imegusa ukuta wa jengo ambalo halipo.

Kisha Nyamizi akashika mimba tena. Akanipigia simu.

"Kaka, huo mkasi wenu unakuja lini?"

"Mko kwenye orodha, Nyamizi. Foleni ni ndefu kidogo."

"Mimi tumbo langu halina foleni," alisema. Halafu akaongeza polepole: "Kaka, sipandi baiskeli tena. Bora nife hapahapa."

Kesho yake nikamwendea Mkuu wa Itifaki, Bwana Gaudensi, mtu mrefu mwembamba ambaye ndiye aliyepanga mkasi uende wapi. Rushwa sikutoa; rushwa ilifutwa na waraka uleule uliofuta matatizo. Nilimdokeza tu kwamba Mabambasi wana ngoma ambayo ukiiona mara moja unaota wiki nzima, na mbuzi wao wamenona kupita kiasi. Bwana Gaudensi alitazama dari, akameza mate, akasema kwamba kwa kweli serikali imelisahau sana eneo lile.

*

Siku ya uzinduzi watu walikaa chini ya turubai tangu asubuhi. Sisi tulifika jua limeanza kuelemea magharibi, kwa sababu mgeni rasmi anayefika kwa wakati si mgeni rasmi, ni fundi. Ngoma zikalia. Mheshimiwa Pankrasi akatikisa mabega kidogo, watu wakapiga vigelegele kuona kwamba na yeye ana mabega. Mimi nikachukua nafasi yangu, hatua chache kutoka mlangoni, mto mbele ya kifua, viwiko usawa wa mbavu, macho mbele.

Macho mbele, lakini pembeni nilimwona Nyamizi. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, tumbo limemtangulia, mkono mmoja umeshika nguzo ya turubai. Alinitazama akatabasamu. Nikaona kazi yangu yote imelipa.

"Ndugu zangu wananchi wa Mabambasi!" alianza Mheshimiwa. "Tulikotoka ni mbali. Tulipo ni pazuri. Na tuendako ni pazuri zaidi, kiasi kwamba hata sisi viongozi wenu bado hatujaruhusiwa kupaona! Watu wananiuliza, Mheshimiwa, tuna sababu gani ya kuwa na matumaini? Nawajibu, ninazo kumi na mbili. Sababu ya kwanza!"

Alipofika sababu ya pili, nguzo ya turubai ilianza kutikisika. Nilidhani ni upepo. Kumbe ni mkono wa dada yangu.

Sababu ya nne, Nesi Felista aliinuka, akainama kumsikiliza Nyamizi, akamshika tumbo, kisha akakata katikati ya wageni waalikwa hadi kwa Bwana Gaudensi. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Baba, nina mama anajifungua pale. Naomba mkate huo utepe sasa hivi, hotuba iendelee baadaye."

"Hongera sana, mama," alinong'ona Bwana Gaudensi. "Ila mambo yana utaratibu. Uzinduzi uko baada ya hotuba."

"Mtoto hajui utaratibu."

"Basi aelimishwe."

"Baba, huyu mwanamke alishapoteza mtoto barabarani. Nakuomba umwambie mheshimiwa asimame kidogo tu."

Bwana Gaudensi alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, Mheshimiwa hakatizwi. Akikatizwa, huanza upya kutoka sababu ya kwanza. Nakwambia kwa faida yako. Njia ya haraka kuliko zote ni kumwacha amalize."

Hilo lilikuwa kweli. Niliwahi kuona kwa macho yangu hotuba ikianza upya mara tatu kwa sababu ya jogoo. Nesi Felista aliuliza kama basi kuna gari la kumkimbiza mgonjwa wilayani. Magari yalikuwepo, mengi, yamejipanga barabarani kwa itifaki, na la mkubwa ndilo lililoziba njia. Hakuna dogo linaloruhusiwa kulipita.

Niliogopa. Nasema wazi, sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimebeba kitu pekee katika nchi nzima kinachoweza kuufungua ule mlango, na dada yangu alikuwa anauma kanga yake asije akapiga kelele wakati mheshimiwa anaongea.

"Sababu ya sita!" alisema Mheshimiwa.

Nyamizi akasimama. Wanawake wawili wakamshika makwapa, wakaanza kuelekea mlangoni pamoja na nesi, nadhani bila kujua watafanya nini wakifika. Walipofika kwenye ngazi ya veranda uchungu ukamkaba. Akawaponyoka. Akaanguka kwa magoti na viganja, akabaki hivyo akipumua kama mtu aliyetoka mbio. Halafu, kichwa chini, bila kumwomba mtu ruhusa, akatambaa. Alitambaa ngazi ya kwanza, ya pili, akafika mlangoni, na akapita.

Utepe ulikuwa umefungwa usawa wa kifua cha Mheshimiwa, ambaye ni mtu mrefu. Nyamizi haukumgusa hata nywele.

Watu wote waligeukia mlangoni. Hata mpiga ngoma aliyekuwa ameshika fimbo hewani hakuishusha. Nchi yetu ina maprofesa, ina wahandisi, ina majenerali wenye nyota. Tulikuwa tumesimama mbele ya tepe miaka na miaka, tumevua viatu tukavuka mito chini ya madaraja, na haikuwahi kumjia mtu yeyote kwamba utepe una chini.

Polisi walimtazama Bwana Gaudensi. Bwana Gaudensi aliutazama utepe. Ulikuwa mzima, umekaza, hauna hata mkunjo. Midomo yake ilikuwa inapitia sheria kifungu kwa kifungu. Sheria ilikataza kukata, ilikataza kufungua, ilikataza kuchana na kuunguza. Nesi Felista hakumsubiri. Aliinama akapita, na wale wanawake wawili wakainama nyuma yake, mlango ukarudishwa.

"Sababu ya saba!" alisema Mheshimiwa, ambaye akihutubia huwa haoni chochote kilicho karibu kuliko siku zijazo.

*

Punde dirisha la wodi lilifunguka, na kichwa cha Nesi Felista kikatokea.

"We mwenye mto!" aliita kwa sauti ya chini lakini kali. "Makasha yote ya vifaa yana lakiri ya serikali, na sina nafasi ya kuivunja. Huo mkasi wako ni wa kweli au wa mapambo?"

"Ni wa kweli, mama," nilisema. Nilishangaa kujisikia nimejibu.

"Basi uchemshe, uniletee. Na kitu cha kufungia kitovu. Haraka, mwanangu."

Nilipoanza kazi niliapishwa. Niliapa kwamba Mkasi wa Taifa hautagusa kitu kingine chochote isipokuwa utepe, na kwamba nitautetea kwa uhai wangu. Nilitazama mbele, kama nilivyofundishwa. Mheshimiwa alikuwa anaeleza jinsi ambavyo katika dunia ya leo mama kufa kwa uzazi, au mtoto kufa kabla hajapewa jina, limekuwa jambo linalopungua kila mwaka. Ilikuwa sababu ya nane. Ni kweli tupu, na niliipenda kuliko zote. Kutoka dirishani nikamsikia Nyamizi anamwita mama yetu, ambaye amekufa zamani.

Nikageuka nikaanza kutembea.

Nilitembea mwendo uleule wa itifaki, mto kifuani, viwiko usawa wa mbavu, kwa sababu mwendo mwingine mwili wangu ulikuwa umeusahau. Na hapo ndipo nilipojua uzuri wa nidhamu ya nchi yetu. Hakuna aliyenizuia. Mto unapopita watu husimama, na walisimama. Polisi walipiga saluti. Diwani mmoja alivua kofia. Nilizunguka nyuma ya jukwaa hadi jikoni, ambako maji ya chai ya mgeni rasmi yalikuwa yanatokota kwenye sufuria kubwa, nikautumbukiza Mkasi wa Taifa humo pamoja na utepe wa akiba niliokuwa nao mfukoni. Mama aliyekuwa anapika alinitazama, akatazama sufuria, akaniuliza kama mheshimiwa anakunywa hiyo na sukari.

Vikachemka. Nikavipitisha dirishani kwa upawa uliochemka pamoja navyo. Nikarudi mahali pangu, mto mtupu kifuani, macho mbele.

Sababu ya kumi na mbili ilikuwa ndefu kidogo. Kisha changamoto zilizo mbele yetu, ambazo zipo na zinafanyiwa kazi. Kisha bendi ikavuma, Mheshimiwa akashuka jukwaani akitabasamu kwa kamera, akasimama mbele ya utepe na kunyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama alivyozoea. Mkono ukapapasa mahameli. Ukapapasa tena, ukashika kishada.

Na hapo ndani ya jengo ambalo halipo, mtoto akalia. Nilihesabu kimoyomoyo, nikiogopa kwamba atalia mara moja tu. Akalia tena, akaendelea, kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Nililia mbele ya wakubwa wote wa wizara, na sikuona aibu.

"Nini hicho?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Gaudensi, jasho likimtiririka, "hiyo ni changamoto."

Mlango ukafunguka. Nesi Felista akasimama nyuma ya utepe, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni. Akapitisha mkono chini ya utepe, akaurudisha mkasi juu ya mto. Damu ilikuwa bado kwenye makali.

"Asanteni," alisema. "Kitovu kilimzunguka shingoni mara mbili. Bila huu mkasi tungekuwa tunazungumza mengine. Mtoto ni wa kike."

Wanawake wa Mabambasi walipiga kigelegele ambacho hakikuwa kwenye ratiba.

Bwana Gaudensi aliomba dakika chache za mashauriano. Suala lilikuwa gumu. Mkasi wa Taifa hauruhusiwi kuzindua vitu viwili siku moja, na kwa tafsiri ya sheria, kilichokatwa nao mbele ya hadhara kimezinduliwa. Kwa hiyo uzinduzi wa siku hiyo ulikuwa umeshafanyika. Tena mkasi wenye damu haufai kugusa utepe hadi usafishwe, na kusafishwa kwake lazima kutangaziwe zabuni. Mheshimiwa alisikiliza, akakunja uso, kisha akakumbuka kamera zipo. Akageuka kwa wananchi, akainua mikono.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema, "natamka kwamba mtoto huyu amezinduliwa rasmi, na ninaagiza atumike kwa manufaa ya taifa!"

Watu wakashangilia, mbuzi wakaliwa, magari yakaondoka kwa itifaki. Wodi ikabaki na utepe wake.

*

Mimi nilipumzishwa kazi kwa heshima. Maana yake ni kwamba waliniachia nauli. Nikaja kuishi hapa Mabambasi, nalima pamba, na mpwa wangu ameitwa Kabula, jina la mama yetu. Serikali ilimpendekezea jina la Uzinduzi, Nyamizi akashukuru sana, akasema atalifikiria kwa mtoto wa saba.

Habari zilienea zenyewe. Wajawazito walikuja kutoka vijiji vya mbali, wakafika mlangoni, wakainama, wakaingia. Kule kwenye daraja watu walianza kupita juu, wakiinamisha vichwa vya mbuzi wao kwa heshima. Watoto wa ile shule walitambaa hadi ndani ya darasa. Wizara ilituma wakaguzi nchi nzima, wakakagua tepe zote, wakakuta hakuna hata moja iliyoguswa. Mheshimiwa akatangaza bungeni kwamba akiba ya maendeleo iko salama, haijapungua hata punje. Kwa mara ya kwanza serikali na wananchi walifurahi kwa wakati mmoja.

Juzi Bwana Gaudensi alinipigia simu. Zabuni imekamilika, mkasi umesafika, na Mheshimiwa ameamua kurudi Mabambasi kumalizia kazi. Nilikimbia kumtafuta Nyamizi. Nilimkuta kwenye veranda ya wodi, Kabula kifuani, nikamweleza huku nikihema. Nilidhani atarukaruka.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeleta nzige.

"Ya Ikomela unaijua?" aliuliza. Ikomela ni kijiji jirani, wao zahanati yao ilikatiwa utepe zamani.

"Naijua."

"Ilipozinduliwa walipata mganga mkuu. Mganga mkuu akaja na kufuli. Inafunguliwa akishakunywa chai, inafungwa kabla ya adhuhuri, Jumamosi na Jumapili hakuna. Ukitaka kujifungua usiku unaambiwa urudi Jumatatu." Alimhamisha mtoto bega. "Kaka, hii yetu haijafunguliwa na mtu. Kwa hiyo hakuna mwenye uwezo wa kuifunga."

Nilitaka kumjibu kwa sababu mojawapo kati ya zile kumi na mbili, nikapekua kichwani, sikuipata inayofaa.

"Sasa nimwambie nini Mheshimiwa?"

"Mwambie tunamwombea afya. Mwambie barabara ni mbaya, mbuzi wamekonda, ngoma zimepasuka. Mwambie asihangaike, huku tunaendelea."

Wakati tunazungumza, mwanamke mmoja alitokea kwenye njia ya pamba, amejishika kiuno, mumewe nyuma yake na beseni kichwani. Alikuwa mgeni, hajui pa kuingilia. Alisimama mbele ya ngazi akiutazama utepe kwa woga.

Nyamizi aliniwekea Kabula mikononi, akaenda kumwinulia utepe.